Redio ya Mjomba na Ubeti wa Tatu

Jumatano, 16 Agosti 2017

Siku kubwa. Nimeanza daftari jipya kwa heshima yake.

Jioni nilikuwa nje ya dirisha la ukumbi wa kanisa, mahali pangu pa kawaida, kwaya ikifanya mazoezi. Sisikilizi kwa kujifurahisha. Nakagua. Ni miaka thelathini na mmoja sasa tangu nitolewe katika kwaya ile, na binamu yangu Keneti bado amesimama safu ya sauti ya kwanza, akiimba pembeni ya noti. Mwaka 1986 alikosea yeye, lawama nikabebeshwa mimi. Nilifukuzwa na mwalimu Lameko mwenyewe, Mungu amrehemu, mbele ya watu wote. Sijasamehe, isipokuwa siku za Jumapili, ambapo ni lazima.

Sasa sikiliza. Matalena, binti wa mwalimu Lameko, ndiye anayeongoza kwaya siku hizi. Leo aliwaambia habari mbaya. Jumapili ya tarehe 27 tunafungua kanisa jipya, na kijiji kizima kinataka wimbo mkubwa wa baba yake. Ubeti wa kwanza wanaujua. Wa pili wanaujua. Wa tatu, ule wenye sauti nne zinazopishana, hakuna anayeukumbuka sawasawa. Mwalimu hakuandika noti. Imebaki kaseti moja tu, iliyorekodiwa mazoezini mwaka 1986, na katika kijiji kizima hakuna mashine ya kuichezea.

Mwaka 1986! Mazoezini! Kumbe ushahidi wangu upo, umekaa sandukuni kwa Matalena miaka yote hii.

Nikaingiza kichwa dirishani nikasema mimi ninayo mashine. Redio kaseti ya marehemu mjomba, aliyoileta hapa Samoa kutoka ng'ambo, Auckland, spika mbili, milango miwili ya kaseti, mpini wa chuma. Keneti akasema ile siku hizi ni nyumba ya mijusi. Watu wakacheka. Matalena hakucheka. Alisema kaseti ya baba yake haitaingia kwenye mashine chafu, maana mashine chafu hutafuna mkanda, na mkanda wa pili hakuna. Nisafishe kwanza, nijaribu kwa kaseti nyingine, halafu Jumamosi ya tarehe 26 tuisikilize. Keneti akajitolea kunisaidia. Nikamjibu kwamba mtu wa kutengeneza simu abaki na simu zake.

Mpango: nasafisha, wanasikia, wananiomba radhi, narudi safu ya kwanza siku ya ufunguzi. Rahisi kabisa.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimefungua mgongo wa redio. Keneti ni mwongo, si nyumba ya mijusi. Ni mtaa mzima. Mayai kumi na moja, mengine bado yana wenyewe. Betri kubwa nane zimevujia humo humo na kufanya ukoko wa kijani kwenye vyuma. Dada yangu Ruta akaniambia niondoe takataka zangu kwenye mkeka wake. Ruta ndiye mkubwa wangu, na kwetu neno la dada halijadiliwi. Ukimuudhi dada yako, laana yake inakufikia kabla ya chakula cha jioni. Nikahamia nje.

Nikakamua ndimu, nikachovya mswaki mkuukuu, nikasugua vile vyuma. Ukoko ukatoka wote! Nikafuta kwa kitambaa kikavu, vikang'aa. Ruta alipita akasema vizuri. Neno hilo sijalisikia nyumbani kwetu tangu Pasaka.

Aliyesifiwa haachi kazi katikati. Nikachukua mswaki ule ule, dawa ya meno na jivu kidogo, nikausugua uso wa redio. Uchafu wa miaka thelathini ukaondoka. Maandishi nayo yakaondoka. Sasa kuna vitufe sita vinavyofanana, na hakuna kinachosema ni cha kuchezea, cha kurudisha mkanda au cha kurekodi. Haidhuru. Vidole vyangu vinakumbuka.

Ijumaa, 18 Agosti

Magurudumu ya ndani hayazunguki. Yanataka mafuta. Mafuta gani? Nimekaa nikafikiri mpaka jibu likatoka ndani ya lugha yetu wenyewe. Sisi Wasamoa mti tunauita la'au. Mashine nayo tunaiita la'au. Wazee hawakutumia neno moja kwa uvivu. Mti na mashine ni ndugu, na kwa hiyo mafuta ya mti ndiyo mafuta ya mashine. Keneti hawezi kufika huku hata akisoma miaka kumi.

Nikachukua chupa ya Ruta ya mafuta ya nazi, yale ya kujipaka Jumapili, yenye maua ya mlangilangi. Nikamimina kwa ukarimu. Nikatia kwenye kila gurudumu, kwenye mpira unaosukuma mkanda, na kwenye kile kichuma kidogo kinachosoma sauti, ambacho mafundi hukiita hedi. Vitufe navyo sikuvinyima. Nikatia betri mpya. Nikatoa kabatini kaseti moja isiyo na jina, nikabonyeza.

Ikaimba! Muziki wa dansi, mzito, na nyumba nzima inanukia. Nilicheza peke yangu. Sioni haya.

Ndipo kengele ya sala ya jioni ikalia. Kengele hiyo ikilia kijiji chote hunyamaza, na wanaume wa zamu husimama barabarani kuangalia nani hanyamazi. Nikabonyeza kuzima. Kitufe kikateleza kwa mafuta na kubaki chini. Nikabonyeza vyote sita. Vyote vikabaki chini, na wimbo unaendelea. Nyumba yetu haina kuta. Nikaifunika redio kwa mikeka mitatu, nikaikalia. Wale wa zamu wakaja wakasimama mbele yangu. Nikafumba macho kwa unyenyekevu, na chini yangu mwanamke anaimba kwamba usiku bado mchanga. Walikaa pale sala nzima. Mwisho kikasikika kitu kama mtu anatafuna muwa, halafu kimya. Nikasema amina kwa moyo wote.

Ilikuwa kaseti ya harusi ya Ruta.

Jumamosi, 19 Agosti

Ruta hasemi nami. Ameniwekea gimbi moja baridi, bila samaki, bila tui, bila neno.

Nimetoa mkanda wa harusi kwenye meno ya mashine. Umetoka mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikautandaza uani ukauke mafuta. Jogoo akaondoka nao mpaka kwa jirani.

Mchana sisimizi wamegundua mlangilangi. Wanaingia kwa spika ya kushoto na kutoka kwa ya kulia. Nimejaribu kuhesabu, nikaacha. Hata hivyo si hasara tupu. Mijusi wamerudi kwa ajili ya sisimizi, na kufikia jioni sisimizi wamepungua.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimesikia kwa watu kwamba hedi husafishwa kwa spiriti ya hospitali. Zahanati wanayo. Lakini nesi Ianeta husimama karibu na Keneti kwenye kwaya, na nikiiomba waziwazi, Keneti atajua kabla sijafika nyumbani. Hapo inahitajika akili.

Nikafunga mguu kitambaa, nikaenda nikichechemea. Nikasema nimechomwa na msumari wenye kutu, naomba spiriti kidogo tu, nitajitibu mwenyewe, nisimsumbue. Ianeta akasema hasumbuki. Akatia spiriti tone moja kwenye pamba, akapaka mwenyewe, akaitupa pamba. Halafu akasema kutu ni hatari, akanichoma sindano ya pepopunda. Wakati natoka aliniuliza kwa upole mbona niliingia nikichechemea mguu mwingine.

Naandika hii nikiwa nimesimama.

Jumanne, 22 Agosti

Nimesalitiwa. Ruta amekwenda kwa Matalena kueleza yote, na Matalena amemtuma Keneti. Kaja na mkoba wake, kakaa kwenye mkeka wetu, kaletewa chai yenye maziwa. Mimi sikupewa.

Nilimruhusu afanye kazi chini ya usimamizi wangu. Kwanza alitoa betri. Akaniuliza kwa nini Ijumaa sikutoa betri badala ya kuikalia redio. Akapuliza vumbi kwa kipampu cha mpira, akapitisha brashi laini. Kijiti cha pamba akakichovya kwenye spiriti, hakumimina hata tone, akafuta hedi, kijiti kikatoka cheusi, akatupa, akachukua kingine. Alitumia vijiti arobaini na viwili. Mafuta ya nazi, alisema, yakikutana na vumbi hugeuka gundi, na mpira ulionyweshwa mafuta huvimba na kuteleza. Uso wa redio aliufuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa mpaka karibu kikauke. Kazi ya polepole, ya kuudhi. Kwa nguvu zangu mimi ningemaliza kabla ya chai.

Halafu akakaa na Ruta, akauzungusha mkanda wa harusi kurudi kwenye kaseti kwa penseli, kidogo kidogo, mpaka jua likainama. Ruta akawa anacheka. Mimi bado hanisemeshi!

Mwisho alifanya jambo ambalo nililiona kwa macho yangu. Matalena alimpa ile kaseti ya mwalimu Lameko aikague. Keneti akachukua bisibisi akavunja vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Tak, tak. Mchana kweupe! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ndivyo inavyolindwa, binamu, usiiguse. Kisha akatia doa la rangi nyekundu kwenye kitufe kimoja cha redio, akaacha chupa ya spiriti na kaseti mezani kwetu, akaenda zake.

Nimeelewa sasa. Anaharibu ushahidi.

Alhamisi, 24 Agosti

Jana nilijaribu kaseti ya Ruta. Inaimba safi, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu aliyoondoka nayo jogoo. Ruta alisikia sauti ya marehemu mumewe akitoa shukrani kwa wageni, akainama akakunja mkeka ambao ulikuwa umekwishakunjwa. Leo nimepata samaki.

Nimetengeneza pia aliyoyaharibu Keneti. Mahali alipovunja vijimeno nimebandika utepe wa gundi, mara mbili, imara kabisa, kisha kaseti nikampelekea Matalena. Lile doa jekundu nimelifuta kwa spiriti yake mwenyewe. Redio ya mjomba haitaonekana na alama za watu mbele ya kijiji.

Jumamosi, 26 Agosti

Nitaandika polepole.

Ukumbi ulijaa. Kwaya yote, wazee, mchungaji na mkewe. Nikaiweka redio juu ya meza, inang'aa. Matalena akaleta kaseti kwa mikono miwili. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana. Aliniambia asiposikia ubeti wa tatu leo, kesho wataimba nusu ya wimbo, na nusu nyingine itakuwa imekufa pamoja na baba yake. Nikamwambia asiogope, yupo mikononi mwangu.

Nikaacha vidole vyangu vikumbuke. Nikabonyeza.

Kaseti ikazunguka. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikawaonyesha watu taa ile, maana tangu mjomba afe haijawahi kuwaka. Tukangoja. Hakuna sauti. Nikasema mwanzo wa kaseti huwa na kimya.

Keneti akasema kutoka safu ya kwanza, taratibu, "Ioapo, hiyo taa nyekundu ni ya nini?"

Halafu hakungoja jibu. Alilikanyaga benchi, akamkanyaga mzee mmoja, akafika mezani akang'oa betri kwa mikono. Nilikuwa narekodi. Nilikuwa narekodi kimya cha kijiji kizima juu ya sauti ya mwalimu Lameko.

Keneti akaitoa kaseti, akaona utepe wangu umeziba mahali pa vijimeno, palipoachwa wazi ili mashine isiweze kurekodi. Alinitazama. Ningependa angenipiga. Akaubandua utepe, akairudisha kaseti na betri, akajaribu vitufe kimoja kimoja, maana doa lake jekundu nilikuwa nimelifuta, na Matalena amesimama na mkono mdomoni.

Tulikuwa tumepoteza mwanzo tu. Ubeti wa kwanza, nusu yake, ule unaojulikana hata na mbwa wa mchungaji. Baada ya hapo wakaja wote, watu wa 1986, wakiimba. Wengine walikuwa wamekaa pale pale ukumbini wakijisikia walivyokuwa vijana. Ubeti wa pili. Kisha wa tatu, sauti nne zikaanza kupishana, na Matalena akaanza kuandika mbio mbio.

Na hapo ndani ya sauti ya kwanza, mtu mmoja akapotea njia. Vibaya. Kwa nguvu. Nikamgeukia Keneti, nikamwonyesha kidole. Niliisubiri siku ile miaka thelathini na mmoja.

Mkandani mtu akapiga makofi, kwaya ikanyamaza, na mwalimu Lameko akasema, "Ioapo, mwanangu, hiyo unayoimba ni sauti ya ngapi? Mimi nilifundisha nne tu."

Wakacheka ndani ya redio. Wakacheka ukumbini. Ndani ya redio zikasikika hatua za mtu anaondoka kwa hasira, na mlango ukabamizwa.

Kidole changu bado kilikuwa kimenyooshwa. Sikujua nikipeleke wapi.

Halafu mwalimu akasema, na sasa hacheki, "Basi, msicheke. Mwachieni nafasi yake hapo. Atarudi kesho."

Wakaanza tena, wakaimba ubeti wa tatu mpaka mwisho, bila mimi, bila kosa.

Miaka yote nimekumbuka nilifukuzwa. Naapa ndivyo ninavyokumbuka. Sikujua kwamba alisema neno baada ya mlango. Alikufa mwaka 1998, na mimi nilikwenda mazishini nikasimama mbali ili aone kwamba nimekasirika.

Nililia mbele ya watu. Naliandika kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu. Hakuna aliyecheka. Keneti akarudi kwenye safu yake, akasogea hatua moja kushoto, akatazama mbele.

Matalena alifuta macho yake kwanza. Kisha akasema, "Baba alisema kesho. Ingia, Ioapo, umechelewa."

Jumapili, 27 Agosti

Nimeimba! Shati jeupe, kikoi cheupe, safu ya sauti ya kwanza, wa tatu kutoka kushoto. Ruta alinipaka mafuta ya nazi yeye mwenyewe, kilichobaki katika chupa. Kanisa jipya linanukia rangi. Ubeti wa tatu ulipofika, wazee waliinuka bila kuambiwa, na Matalena alikuwa anaongoza na machozi yanamshuka mpaka shingoni na hayafuti. Wimbo umepona. Hata nikifa leo, hilo limefanyika.

Matalena aliniomba jana kwamba katika ubeti wa tatu nifungue mdomo bila kutoa sauti. Nilikusudia. Lakini furaha ilinizidi.

Baada ya ibada Keneti alinipa mkono, akasema alinisikia mimi tu. Sikutegemea sifa kama hiyo kutoka kwake. Ana roho nzuri kuliko nilivyodhani, na nimemsamehe kosa lake la 1986.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimelala nikiwaza, nimeamka na ukweli.

Lile kosa la 1986 si la Keneti, sawa. Lakini si langu pia. Ni la redio. Keneti mwenyewe alisema kuna beliti ndogo ya mpira inayozungusha mota, nayo imelegea kwa uzee, na beliti ikilegea mkanda huenda polepole na sauti hushuka. Basi! Sauti yangu ilishushwa! Ruta ameuliza mbona waimbaji wengine wote hawakushushwa. Nimemweleza kwamba sauti zao ni nyepesi, yangu ni nzito, na kizito ndicho hushuka kwanza. Aliondoka akitikisa kichwa, bila shaka kwa mshangao.

Na mwalimu Lameko aliposema vile, alisema kwa sababu ukumbi ule una mwangwi mbaya. Hilo nitalithibitisha baadaye. Kwanza beliti.

Keneti anasema itaagizwa mpya kutoka Auckland, itachukua mwezi. Mwezi! Mpira uliolegea hauhitaji Auckland. Unahitaji joto. Nyama ikipikwa hunywea, ngozi ikipashwa hukaza, na mpira una tofauti gani? Si moto wenyewe, mimi si mjinga. Mawe ya tanuri tu, yakishaivisha magimbi, yakiwa na joto la kadiri, halafu redio juu yake, majani ya ndizi juu ya redio, nusu saa. Betri nimetoa. Nimejifunza kuwa mwangalifu.

Nimekwishawasha kuni. Matalena nimemwambia alete kaseti saa kumi, aje na kwaya yote, wasikie sauti yangu ilivyokuwa kweli.